Maharage Yaliyolala Walikale

Watoto wa hapa Masisi wananiita Papa Maharagi, na mimi naitikia. Jina langu ni Bahati. Nilisomea kilimo, nikapata diploma, na marehemu mama yangu alitegemea kuniona nimevaa tai, nimekaa nyuma ya meza. Badala yake nimezeeka nikipika maharage. Si ya mgahawa wala ya arusi. Niliyapika ili kujua yanaiva baada ya muda gani, yanatoa mchuzi wa namna gani, ganda lake linayeyuka au linabaki kwenye meno, na kama mtoto mdogo atayala bila kubembelezwa. Wenye kucheka wacheke sasa wamalize, maana ninyi vijana mnaoingia katika kazi hii ya mbegu ndio ninaowaandikia, na nina maneno mengi.

Wa kwanza kucheka alikuwa mke wangu, Mapendo. Nilipomweleza kazi niliyopewa, aliacha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, akaniangalia vizuri.

"Banakulipa juu ya kupika?"

"Njo vile."

"Basi baniite na mimi. Niko mu kazi hiyo tangu unioe."

Na kwa miaka yote hiyo hakuniruhusu kugusa sufuria yake hata siku moja. Alisema jiko la nyumbani si la majaribio.

Kituo chetu kilikuwa juu ya kilima, nyumba ya udongo yenye bati, mashamba madogo madogo yakiizunguka, na ng'ombe wa jirani ambaye aliamini kwamba mashamba yale yalilimwa kwa ajili yake. Ilikuwa miaka ya vita. Mtu alilala na viatu miguuni, na sisi tulikuwa na mazoea yetu: bunduki zikisikika karibu, kila mmoja anabeba mbegu zake zilizofungwa kwenye kitambaa, sufuria zinabaki. Sufuria utanunua nyingine. Mbegu uliyoihangaikia misimu kadhaa, ikipotea, unaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kulima. Nimekimbia mara nyingi na maharage kifuani, na mara moja nilikimbia na kitambaa kisicho chenyewe. Nilipofika ng'ambo ya bonde nikafungua, nikakuta soksi.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Kahindo. Alikuwa mtu wa upande wa Butembo, Mkatoliki wa kweli, mwenye rozari kwenye mfuko wa aproni na sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa amesomea lishe, na ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko letu la majaribio. Siku yangu ya kwanza aliniambia nijue kama maharage yameiva. Nikachota na kijiko, nikatia mdomoni. Siku hiyo yote niliongea kama mtoto anayeota meno.

"Usianze na meno," aliniambia. "Pepea kwanza."

Basi shikeni hili, halijabadilika hata leo. Unachota maharage machache kwenye kijiko, unayapuliza. Ganda likijikunja na kufunguka, yameanza kuja. Unachukua moja, unalibana kati ya kidole gumba na cha pili. Likikubali bila ugomvi na ndani hamna unga mkavu, yameiva. Meno yanakuja mwisho, tena baada ya kupoa.

Nilikuwa pia na kosa nililorithi kwa nyanya yangu: kutia nyanya na chumvi mwanzoni, ati ladha iingie. Bibi yule alikuwa na kuni nyingi na haraka hakuwa nayo. Nilifanya hivyo kazini, na maharage yakachemka tangu asubuhi mpaka ng'ombe wa jirani anarudi nyumbani, bado magumu. Mama Kahindo hakunigombeza. Aliniletea kiti.

"Kaa, Papa. Utazeekea hapa."

Nyanya, ndimu, na kitu chochote kichachu kinalikaza ganda. Chumvi nayo tieni mwisho. Maharage yaloweke tangu jana yake, maji hayo uyamwage, na tumbo litakushukuru, na jirani yako pia. Kuna mama wanaotia maji ya majivu ili yaive upesi. Yanaiva kweli, lakini ukizidisha unaharibu kitu ndani yake ambacho mwili unakihitaji, na mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni. Na ndimu ambayo nimekukataza mwanzoni, ikamulie kwenye sahani, wakati wa kula. Maharage yana chuma kinachoongeza damu, na ndimu au lenga-lenga, yaani mchicha, inakisaidia kuingia mwilini. Chai usiinywe pamoja na chakula hicho. Nimewaambia mama wengi jambo hilo, na wengi wameniitikia "ndiyo Papa" huku kikombe cha chai kiko mkononi.

Sasa nifike Kashuga, maana huko ndiko nilikoelewa kazi yangu ni ya nini.

Kashuga kulikuwa na kambi ya watu waliokimbia vijiji vyao. Wakubwa wa mradi wetu walitaka kuwapa mbegu kabla mvua haijaanza, na mbegu ya aina moja tu ndiyo ingetosha kuzalishwa kwa wakati. Tulikuwa na mbili mkononi. Moja ilikuwa kubwa, nyekundu yenye madoa, inapanda kwenye fito, inazaa sana, na ilikuwa na chuma kuliko zote tulizopima. Nyingine ilikuwa ndogo, ya manjano, ya kichaka kifupi, inazaa wastani. Wakubwa walikuwa wameshaipenda ile nyekundu. Walitutuma Kashuga tukawaonjeshe watu, kama utaratibu ulivyotaka.

Tukaenda na majiko yetu ya mbabula na makaa yetu, tukapika aina zote mbili chini ya turubai, tukawaita mama wa kambi. Walikula. Mama Kahindo akauliza hii mnaionaje.

"Iko muzuri sana, Mama."

Na hii?

"Nayo iko muzuri sana. Mungu akubariki."

Sahani zote zilirudi safi. Mimi nilifurahi, nikamwambia Mama Kahindo kwamba aina zote mbili zimeshinda. Aliniangalia namna alivyoniangalia siku ya nyanya.

"Papa Bahati, kwenu ukialikwa chakula, unamwambia mwenye nyumba kama sufuria yake iko mubaya?"

Nikasema hapana, hata kama ni mbaya.

"Na ukiwa na njaa?"

Alikuwa na haki. Huku kwetu mgeni hasemi vibaya chungu cha mtu, na mwenye njaa ndiyo kabisa. Tulikuwa tumeuliza swali ambalo jibu lake mama hawa walifundishwa na mama zao kabla hawajaota meno. Tungerudi na jibu hilo, nyekundu ingepita kwa sababu ya mazao yake.

Mama Kahindo akavuta mkeka, akakaa chini nao, akaanza upya, safari hii kama mtu anayepiga soga.

"Bamama, mama-mukwe anakuja kukutembelea leo. Utamupikia gani?"

Kicheko kikatoka, mikono yote ikaonyesha ile nyekundu. Wakaeleza wenyewe: ni kubwa, mchuzi wake ni mzito na una rangi, mama mkwe hawezi kusema mwanawe ameoa mvivu. Mpaka leo kuna wanaoiita mbegu hiyo Mama-mukwe, na mkiiona sokoni kwa jina hilo mjue lilitoka wapi.

Kati ya wale mama alikuwepo mmoja aliyeitwa Neema, mrefu, mwenye mdomo usiokaa kimya. Alikuwa kambini na watoto wake na mdogo wake wa kike, Furaha. Ndiye aliyesema neno lililogeuza siku.

"Mama-mukwe atanisifu," alisema. "Lakini akifika hatanikuta. Niko mu pori, natafuta kuni ya kuivisha maharagi yake."

Walicheka tena, lakini kicheko hicho kilikuwa kifupi. Mama Kahindo akauliza la pili: na kuni zikiwa zimebaki kidogo, utapika gani? Mikono yote ikahamia kwenye ile ya manjano. Waliiita kamanjano, kwa kuibembeleza.

Halafu Neema akatueleza, na sauti yake ilikuwa ya chini. Kuni za karibu zilikuwa zimekwisha. Mama waliondoka kabla ya kucha kwenda porini, na porini kulikuwa na watu wenye bunduki. Furaha alikuwa ameenda asubuhi moja na hakurudi siku hiyo. Alirudi baadaye, yuko hai, lakini tangu hapo hakuvuka tena migomba ya mwisho wa kambi, na kuni zake Neema ndiye aliyezibeba pamoja na zake. Furaha alikuwa ameketi nyuma ya dada yake wakati tukielezwa hayo, anachambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa. Niliona uchungu na niliona haya pia, mimi na saa yangu ya kupimia, maana kwa miaka nilikuwa nikihesabu dakika za kuiva bila kujiuliza ni nani anayezilipa.

Na wengine, akasema Neema, wanaipua mapema ili kuokoa kuni. Watoto wanakula maharage yaliyoiva nusu, tumbo linawakata, wanahara. Hapo Mama Kahindo alisimama. Chuma kilichomo ndani ya haragwe bichi hakimfikii mtoto anayehara. Aina bora kwenye vipimo vyetu ilikuwa aina mbaya kwenye mafiga ya Kashuga.

Aliwaandama wakubwa mpaka wakakubali jambo moja: turudi kambini, tupike kamanjano kwenye sufuria za mama wenyewe, kwa maji yao, na kila mmoja apewe fungu moja la kuni, lile ambalo mama analibeba kichwani kwa safari moja. Kamanjano ikiiva na fungu lisiishe, ndiyo itakayopewa Kashuga. Isipoiva, nyekundu inakwenda, na mazungumzo yamekwisha. Mvua ilikuwa inakaribia, hivyo hatukuwa na nafasi ya kubahatisha.

Kamanjano ya kituo ilikuwa kidogo, tukaitunza kwa kupanda. Ya kupika tulimwagiza Kasereka, mdogo wake Mama Kahindo, mwenye duka na lori. Kasereka alikuwa mtu wa furaha, anauza kila kitu, na kwake kila kitu kilikuwa kizuri. Alituletea magunia.

"Iko mupya?" dada yake alimuuliza.

"Mupya kabisa, Yaya," alijibu, kama tunavyomwita huku dada mkubwa. "Angalia."

Tukaangalia. Tukaenda Kashuga.

Vijana, niwaambie ukweli, sijawahi kuona maharage yenye kiburi namna ile. Mama waliwasha moto asubuhi wakiwa na nyuso za kuchangamka. Maji yalichemka, mvuke ukapanda, kuni zikaenda moja moja. Mimi nikipita kila jiko napepea kijiko: ganda kimya. Nabana: jiwe. Kule Walikale wanachimba mawe yanayotafutwa na dunia nzima, na mama mmoja akaniuliza kama haya nayo yametoka shimoni. Kuni za Neema ziliisha. Akasukuma vijinga ndani mpaka vikawa majivu, akainua kifuniko, akachukua haragwe moja, akalibana, likamtoroka likaruka mpaka kwenye sketi ya Mama Kahindo.

"Na hii pia?" alisema Neema. Hakucheka. Alichukua kamba yake ya kufungia kuni akaikunja, akaitundika mlangoni mwa kibanda chake tayari kwa kesho.

Tulirudi kituoni. Fikirini: aina ile ile, iliyoiva kituoni kwetu kabla mtu hajachoka kukaa, imekataa kambini. Nililaumu maji. Nililaumu kuni mbichi. Mama Kahindo hakulaumu kitu, alichukua punje kutoka kwenye gunia la Kasereka na punje ya kituo, akaziweka kwenye kiganja kimoja mchana kweupe. Ya kituo ilikuwa manjano. Ya gunia ilikuwa imeelekea kahawia, kama maziwa yaliyotiwa chai. Tukamfuata Kasereka dukani.

"Haya maharagi ililala wapi?" dada yake alimuuliza.

Ndipo hadithi ikatoka. Alikuwa ameyanunua hapa hapa kwenye vilima vya Masisi, akayapeleka Walikale kuwauzia wachimbaji. Barabara ikafungwa na vita. Maharage yakalala depo kule msituni, kwenye joto na unyevu, msimu ukapita, na mwingine ukapita. Barabara ilipofunguka akayarudisha.

"Lakini ulisema iko mapya," nikamwambia.

"Magunia njo mapya, Papa. Nilibadilisha yote." Alisema hivyo kwa fahari ya mtu msafi, na kwa kweli hakuwa na ubaya. Kwake haragwe lisilo na mdudu halizeeki.

Hilo ndilo swali ninalowaachia, kuliko mashine zote mnazoletewa sasa. Kabla hujauliza haragwe linaitwaje, uliza lina umri gani na lililala wapi. Haragwe likilala kwenye joto na unyevu linajifunga ndani. Unaweza kulichemsha mpaka ukate tamaa. Likilala kwenye ubaridi na ukavu, kwenye chungu kilichofunikwa vizuri juu ya kilima, linabaki na moyo laini. Na lile lililojifunga haliwi mbegu nzuri pia.

Wakubwa walitupa nafasi moja tena, kwa shingo upande. Mimi nikatumwa milimani kutafuta kamanjano ya mavuno yaliyotoka kuingia, kwa pikipiki, nimebeba mashine yangu.

Mashine hiyo niliieleza kwa fundi wa baiskeli kutokana na mchoro, naye akanitengenezea. Ni ubao wenye matundu. Chini ya kila tundu unaweka haragwe moja, juu yake unasimamisha njiti ya chuma ya gurudumu la baiskeli, na kichwani mwa kila njiti kuna uzito mdogo, ule wanaofunga wavuvi wa Bweremana kwenye nyavu zao. Unaviweka vyote kwenye maji yanayochemka. Haragwe likilainika, njiti inalitoboa na kushuka: tik. Njiti zikishuka nyingi, umejua muda wake. Ni mashine ya uaminifu, haina adabu ya mgeni.

Kamanjano mpya niliipata kwa familia moja ya wakulima wa siku nyingi, juu sana, imehifadhiwa kwenye vyungu. Nikajaza gunia nikarudi. Njiani mimi na dereva wa pikipiki tukakuta bariere, kizuizi cha barabarani, na askari wakatuteremsha.

"Papa, nini iko mu sanduku?" aliuliza komanda wao.

"Ni mashine ya maharagi, komanda."

Wakafungua, wakaona njiti zimejipanga zimesimama. "Na hii vitu mizito ku kichwa?"

Hapa wengine wangesema plo, kwa Kifaransa, na safari ikaendelea. Lakini mwalimu wangu wa shule ya msingi alinifundisha kwamba madini yale mazito ya kijivu, kwa Kiswahili safi, yanaitwa risasi. Nami nilimheshimu sana mwalimu yule.

"Ni risasi, komanda," nikasema. "Risasi ndogo-ndogo tu."

Kila mtu akarudi nyuma, isipokuwa bunduki, ambazo zilikuja mbele. Dereva wangu wa pikipiki alikuwa ameshalala kifudifudi bila kuambiwa.

"Ya samaki," nikaongeza, nikidhani nasaidia.

"Unapiga samaki na masasi?"

Niliapa kwa kila jina nililojua. Mwishowe komanda akasema kama kweli ni mashine ya maharage, basi ipike, waone. Walikuwa na moto na sufuria. Nikapanga punje za kamanjano mpya chini ya njiti, na pembeni nikatia nyingine za kula, maana walisema hawataangalia bure. Hazikulowekwa, na nilijua nikikosea hapa gunia linaishia tumboni mwa bariere nzima.

Kusubiri kulichosha mpaka askari mmoja akachagua njiti, akasema hii ni yangu, itatangulia. Wa pili akachagua ya kwake. Mara wote wakawa wameinama juu ya sufuria, bunduki mgongoni, kila mmoja anaitia moyo njiti yake. Tik. Kelele ikapanda. Tik, tena tik. Nilitazama saa nikaona njiti zinashuka upesi kuliko hata kituoni, na kwa muda nikasahau niko wapi, nikaanza kupiga makofi. Ya komanda ilishuka ya mwisho kabisa.

"Yangu iko na kichwa nguvu," alisema, na askari wake wakacheka kwa sababu walikuwa wameruhusiwa.

Wakala. Komanda alilamba kijiko akaniuliza yanapelekwa wapi, yanaiva mbio namna hii. Nikamwambia Kashuga, kwa waliokimbia.

"Mama yangu naye alikimbia," alisema. "Sijue iko mu kambi gani." Akalifunga gunia langu mwenyewe, akalikaza fundo, akalipakia kwenye pikipiki. Nilimuonea huruma, jambo ambalo sikutegemea kumwonea mtu aliyekuwa amenielekezea bunduki asubuhi ile.

Siku ya tatu ya Kashuga mama walikuja kwa shida. Hakuna anayependa kuaibishwa na sufuria mara mbili. Mama Kahindo alimpa kila mmoja kipimo chake cha kamanjano, iliyolowekwa tangu jana, na fungu moja la kuni. Neema alipokea vyake akaenda kwenye mafiga. Kamba yake ilikuwa bado mlangoni.

Moto ukawaka. Safari hii sikupita na kijiko. Mama Kahindo alinikataza, akasema niwaache watu na jiko lao. Nikakaa kwenye jiwe nikisikiliza vifuniko. Harufu ndiyo iliyokuja kwanza, ile harufu nzito tamu ambayo haragwe gumu halitoi, na watoto wa Neema wakasogea bila kuitwa. Neema alichota, akapuliza. Nikiwa pale pale niliona ganda likijikunja. Akabana kwa vidole, akabana lingine, la tatu akalitia mdomoni, akafunga macho kidogo.

Akaipua. Aliwapakulia watoto, wa mwisho akampondea yake kwa mwiko na kumtolea maganda, akamkamulia ndimu. Furaha alipewa sahani yake akala akiwa amesimama. Sisi tulikuwa tumeshapata jibu letu kwa wakubwa, na Mama Kahindo alikuwa ameshika rozari ndani ya mfuko akijifanya hajaishika. Nilidhani tumemaliza.

Lakini Neema hakukaa kula. Alirudi kwenye mafiga, akavuta nje vijinga vilivyokuwa vinawaka, akavigonga chini kimoja kimoja mpaka makaa yakadondoka, akavinyunyizia maji. Halafu akachukua kuni ambazo moto haukuzifikia. Zilikuwa karibu nusu ya fungu. Alizikumbatia zote, nzima na zilizoungua ncha, akaziingiza ndani ya kibanda na kuzipanga chini ya kitanda, akisukuma ya mwisho kwa mguu. Alipotoka alitoa ile kamba mlangoni, akaitupa ndani.

"Kesho sitaenda mu pori," alimwambia mdogo wake. "Tutalala mpaka jua itoke."